Sumukuvu au aflatoksini? Utafiti usiozungumza na mla mahindi haujakamilika

JUMAMOSI iliyopita nilipita sokoni hapa Machakos mjini kununua mahindi ya kupikia isyo. Mama ninayenunua kwake miaka nenda miaka rudi alinipimia gorogoro mbili. Kabla ya kulipa nilichukua punje kadhaa nikazitafuna, kama tulivyofunzwa na wazazi wetu: punje ikivunjika kwa mlio mkavu, mahindi yamekauka, ikibonyea, bado. Mama aliponiona nasitasita, akacheka.

"Mwalimu, usiogope. Hii mahindi haina hiyo afla. Angalia mwenyewe, haijaoza hata kidogo. Na nimeiweka dawa."

Nilimshukuru, nikalipa, nikaenda zangu. Lakini maneno hayo yalinifuata hadi nyumbani, kwa sababu ndani yake mna makosa mawili ya kisayansi, na yote mawili yanatokana na lugha. Mahindi yanaweza kuwa na sumu bila kuonekana yameoza. Na ile "dawa" anayonyunyizia huua dumuzi. Haiondoi sumu iliyokwisha kuingia. Nilitamani kumkosoa, kisha nikajiuliza: ni nani aliyewahi kumweleza vinginevyo, na kwa maneno gani?

Hili si suala dogo katika Ukambani. Mwaka wa 1981, katika eneo la Makueni, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano, matumbo yaliyofura na maini yaliyoharibika. Kumi na wawili kati yao walikufa. Madaktari walichunguza wakabaini kwamba walikuwa wamekula mahindi yenye aflatoksini. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1982 katika jarida la Lancet la London. Yalikuwa matokeo muhimu, yaliyoandikwa kwa umakini, na dunia ya matabibu ikayasoma.

Miaka 23 baadaye, kati ya Aprili na Julai 2004, jambo lilo hilo likarudi mahali pale pale, safari hii kwa ukubwa wa kutisha. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi, na Machakos na Thika zikaguswa pia. Watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 wakafa. Wachunguzi walipopima sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masokoni, zaidi ya nusu zilikuwa zimepita kiwango kilichoruhusiwa kisheria wakati huo, na asilimia 7 zilikuwa zimekipita zaidi ya mara hamsini.

Sitaki kudai kwamba lugha ndiyo iliyoua watu wale. Ingekuwa dhuluma kwa marehemu na kwa ukweli. Kulikuwa na ukame, kulikuwa na njaa, na mvua ilinyesha wakati usio wake mahindi yakiwa yanavunwa. Watu waliyaingiza ndani ya nyumba yakiwa na unyevu kwa kuhofia wezi, maana njaa ikizidi hata gunia la mahindi huhitaji mlinzi. Wachunguzi waligundua kwamba waliohifadhi mahindi yenye unyevu, na walioyaweka ndani ya nyumba wanamolala, ndio waliokuwa hatarini zaidi. Lakini tazama, msomaji: huo ni ujuzi ambao ungeweza kusemwa kwa sentensi moja ya Kiswahili au ya Kikamba tangu miaka ya themanini. Usiingize ndani mahindi ambayo hayajakauka. Ni maneno matano. Maneno hayo yalichukua safari ndefu mno kutoka London kurudi Makueni.

Kwa hiyo leo nataka tufanye uhakiki wa msamiati wenyewe. Tuanze na jina.

Neno aflatoksini lina historia fupi na ya kuchekesha kidogo. Mwaka wa 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Chanzo kikapatikana katika chakula chao, kilichotengenezwa kwa karanga kutoka Brazil zilizokuwa na kuvu. Kuvu hiyo huitwa Aspergillus flavus. Wanasayansi wakachukua herufi A ya jina la kwanza, wakachukua fla ya jina la pili, wakabandika neno lenye maana ya sumu, wakapata aflatoksini. Hakuna miujiza hapo. Ni mkato na mwambatano tu.

Waswahili nao walifanya vivyo hivyo. Walichukua sumu, wakachukua kuvu, wakaviunganisha: sumukuvu. Nchini Tanzania neno hili limeshika mizizi. Lipo katika matangazo ya serikali, katika mafunzo ya maafisa ugani na katika taarifa za habari. Hapa Kenya bado tunasitasita. Magazeti yetu, pamoja na hili unalolisoma, huandika aflatoksini leo, kesho sumu ya aflatoksini (ambayo ni kusema sumu ya sumu), na mara moja moja sumukuvu. Sokoni, kama mlivyosikia, limekatwa likabaki afla, jina linalofaa zaidi kuwa la binti wa jirani.

Kuna wenzangu watakaoniambia kwamba jina halina uzito, mradi tunaelewana. Tatizo ni kwamba hatuelewani. Afla haimwambii mkulima chochote. Haimwambii kwamba kuna kiumbe hai kinachoota juu ya punje, kinachopenda joto na unyevu, na kinachoweza kuzuiwa. Sumukuvu inamwambia angalau nusu ya habari: kuna kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu. Neno zuri la kisayansi ni lile linalobeba maelezo mgongoni.

Hata hivyo, sitaki kulisifu sumukuvu kupita kiasi, kwa kuwa nalo lina dosari mbili.

Ya kwanza ni kwamba Wakenya wengi hawalitumii neno kuvu. Sisi husema ukungu, na kwetu ukungu ndio ule unaofunika milima ya Iveti asubuhi, na ndio pia ule utando wa kijani unaoota juu ya mkate uliokaa siku nyingi. Mwanafunzi anayekutana na kuvu katika kitabu cha sayansi hulikariri kama neno la mtihani. Hili linatibika kwa kulitumia.

Dosari ya pili ni nzito zaidi. Sumukuvu linaweza kumfanya mtu aamini kwamba pasipoonekana kuvu hapana sumu. Sivyo. Kuvu inaweza kukauka, ikapeperuka na vumbi wakati wa kupukuchua na kupepeta, lakini sumu iliyoiacha ikabaki ndani ya punje. Kuchemsha hakuimalizi. Kusonga ugali hakuimalizi. Kuchambua punje mbovu hupunguza sana kiasi chake na kila mtu afanye hivyo, ila hakumpi mtu cheti cha usalama. Kwa hiyo jina hili halina budi kuandamana na sentensi moja kila linapotamkwa: kuvu huondoka, sumu hubaki.

Sasa tuje kwa kuoza. Mama wa sokoni alisema mahindi yake hayajaoza, na alisema kweli. Katika Kiswahili chetu kuoza ni jambo la macho na pua: rangi hubadilika, harufu hutoka. Ujumbe wowote unaomwambia mkulima "usile mahindi yaliyooza" unamwambia jambo analolijua tangu utotoni, na papo hapo unamruhusu kula yale yanayong'aa. Ni ujumbe wenye nia njema unaoweza kuua.

Neno dawa nalo lina tabia ya kubeba mizigo mingi. Dawa hutibu mgonjwa, dawa huua kupe, dawa husafisha meno, dawa huhifadhi mahindi. Mtu aliyeweka dawa huamini amemaliza kazi. Kweli, kuzuia wadudu kuna faida, kwa sababu punje iliyotobolewa na dumuzi humfungulia kuvu mlango. Lakini ile poda haikaushi mahindi, wala haiui sumu. Ningependa maafisa wetu wa kilimo waseme "dawa ya wadudu" kila mara, bila kufupisha. Neno hilo moja la ziada linaweka mpaka.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria baraza moja la chifu huku kwetu. Tuligawiwa vijikaratasi kuhusu uhifadhi wa nafaka. Sitaitaja ofisi iliyoviandaa. Vilikuwa vimechapishwa kwa rangi za kupendeza, na Kiswahili chake kilikuwa kile ninachokiita Kiswahili cha tai na koti. Sentensi moja ilisomeka hivi: "Hakikisha kiwango cha unyevunyevu kimepungua hadi asilimia 13.5 kabla ya uhifadhi." Mzee aliyeketi kando yangu aliniuliza, "Sasa Prof, hiyo asilimia nitaiona na nini?" Sikuwa na jibu la haraka.

Kisarufi sentensi ile haina kosa hata moja, na takwimu yake ni sahihi. Ilikosa jambo moja tu, nalo ni msomaji. Na la kusikitisha ni kwamba jibu la swali la mzee lipo, na ni la bei ya chumvi. Chukua chupa safi iliyokauka. Tia chumvi kavu kidogo, kisha tia punje za mahindi, ufunge, utikise kwa dakika kadhaa, uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, rudi uanike. Isipoganda, unaweza kuhifadhi. Njia hii inafahamika kwa maafisa ugani kote barani. Kipimo cha unyevu kimo ndani yake, ila kimefasiriwa kwa lugha ya jikoni. Hiyo ndiyo tafsiri ninayoitetea. Kuhamisha maneno kutoka Kiingereza kuja Kiswahili ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhamisha kipimo kutoka maabara kuja mikononi mwa mtu.

Chukua mfano mwingine. Sheria yetu huruhusu sehemu 10 za aflatoksini kwa kila sehemu bilioni za mahindi. Nani anaweza kuifikiria bilioni? Lakini piga hesabu: katika gunia zima la kilo 90, kiasi hicho hakifiki hata miligramu moja. Ni sawa na punje chache za chumvi ya mezani zilizotawanywa katika gunia zima. Ukisema hivyo barazani, wazee watanyamaza. Wataelewa kwa nini macho na ulimi havitoshi, na kwa nini mtu anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kuishia na saratani ya ini bila kuwahi kuugua siku moja.

Tusije tukadhani kwamba watafiti wamelala. Kazi iliyofanywa tangu 2004 ni ya kujivunia, na baadhi yake imefanyika hatua chache kutoka hapa ninapoandikia. Watafiti waliochunguza mahindi ya mkasa ule waligundua kwamba shambani kulikuwa kumetawala kundi moja la kuvu lenye uwezo mkubwa wa kutoa sumu. Wengine wakatafuta, katika udongo wa Kenya yenyewe, kuvu za jamii hiyo hiyo zisizotoa sumu. Wakazipaka kwenye punje za mtama zilizouawa uwezo wa kuota, ili mkulima azimwage shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua. Kuvu zisizo na sumu zinawahi nafasi, zenye sumu zinakosa pa kuishi. Bidhaa hiyo inaitwa Aflasafe, na kiwanda chake cha hapa nchini kimejengwa Katumani, kwenye kituo kile kile cha utafiti kilichotupa mahindi ya Katumani yanayokomaa haraka.

Je, ungeieleza vipi teknolojia hiyo kwa mkulima wa Mwala? Nimesoma maelezo yenye "udhibiti wa kibayolojia kwa njia ya ushindani wa kutengana". Nami nasema Waswahili walikwisha kuimaliza habari hiyo kwa maneno matano: dawa ya moto ni moto.

Kuna utafiti mwingine uliofanywa Meru na Tharaka-Nithi na kuchapishwa mwaka wa 2019. Wakulima walipewa mafunzo ya kukausha na kuhifadhi, na baadhi wakapewa maturubai ya kuanikia ili mahindi yasigusane na udongo. Sumu katika mahindi yao ilipungua kwa zaidi ya nusu, na sehemu kubwa ya mafanikio ilitokana na turubai. Turubai! Wahandisi nao wamejaribu mashine zinazopitisha mwanga kwenye punje moja moja za mahindi ya Kenya na kuzitenga zenye sumu. Siku moja labda kila posho mili itakuwa nayo. Kwa sasa turubai linatosha kuanza.

Utafiti unaonipendeza kuliko yote ni ule wa watafiti Wakenya walioamua kuchunguza muthokoi. Msomaji asiye wa kwetu aelewe kwamba muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa ganda, zamani kwa kinu na mchi, siku hizi kwa mashine, kisha yakapikwa na maharagwe au mbaazi. Mwaka wa 2008 walionyesha kwamba kule kukoboa peke yake kuliondoa, kwa wastani, karibu nusu ya aflatoksini, na kuloweka kukapunguza zaidi. Kinachonifurahisha kama mtu wa lugha ni kwamba neno muthokoi limeandikwa vile vile lilivyo katika kichwa cha makala ya jarida la kimataifa. Mtaalamu wa Ulaya analazimika kulitamka.

Na si mara ya kwanza Machakos kuifundisha sayansi kutamka. Makingamaji yetu, yale ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu wa mteremko, yanaitwa fanya juu katika vitabu vya uhifadhi wa udongo duniani kote. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha kitabu chao mashuhuri cha 1994 kuhusu jinsi wakazi wa Machakos walivyoongezeka mara kadhaa tangu miaka ya thelathini huku mmomonyoko ukipungua, hawakuweza kuepuka jina hilo. Fanya juu ni amri iliyogeuka nomino. Anayelisikia anajua papo hapo udongo urushwe wapi. Linganisha na afla.

Mwenzangu mmoja wa kitivo cha sayansi aliniambia, "Prof, wewe una mapenzi tu na lugha yako. Kiswahili hakina istilahi." Nilimkumbusha kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Akanijibu kwa hoja nzito zaidi: mwaka wa 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafa, katika nchi inayozungumza Kiswahili kuanzia bungeni hadi jikoni. Neno lilikuwapo, halikuwaokoa.

Nakubali. Neno halikaushi mahindi. Mtu mwenye njaa na asiye na turubai hawezi kula istilahi. Lakini hoja hiyo inanielekeza mbele badala ya kunirudisha nyuma: neno linahitaji sentensi, sentensi inahitaji chupa ya chumvi, na vyote vinahitaji kufika kabla ya mavuno. Wala sidai kila kitu kiwe Kiswahili. Redio za Kikamba zinaweza kufika jikoni ambako gazeti hili halifiki.

Niungame pia. Nimekaa katika kamati za kuwapandisha vyeo wahadhiri. Tulihesabu makala za majarida ya ng'ambo kama mtu anayehesabu mifugo yake. Sikumbuki hata mara moja tuliyomuuliza mwombaji: wale uliochukua damu yao, wale uliopima mahindi yao, uliwarudishia nini, na kwa lugha gani? Nami sikuuliza. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Sisi tulio vyuoni tumekifanya lugha ya kusomeshea Kiswahili.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti ya kutisha. Kamati zinazotoa vibali vya utafiti unaohusu watu, chakula chao au mashamba yao zidai ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi mwishoni mwa kazi, na ukurasa huo usomwe barazani pale utafiti ulipofanyika. Upimwe kwa swali la yule mzee: hiyo nitaiona na nini? Usipojibu, urudishwe kwa mwandishi kama tunavyorudisha tasnifu yenye kasoro. Nao wahariri wetu wa habari waamue jina moja na kulishikilia. Mimi napiga kura yangu kwa sumukuvu, pamoja na dosari zake.

Jumamosi ijayo nitarudi sokoni. Nitabeba chupa na kijiko cha chumvi. Mama atanicheka tena, najua. Tutatikisa pamoja.